Mtandao Umekataa: Kwa Nini Simu Inaingia na Kompyuta Haiingii

Kila Juni inapokaribia kwisha, simu yangu hulia kuliko miezi mingine yote. Tarehe 30 ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ripoti ya kodi kwenye iTax, mfumo wa kodi wa Kenya wa mtandaoni, na wengi wetu hungoja hadi wiki ile ya mwisho. Anayepiga huanza kwa maneno yale yale: "Mtandao umekataa." Nikimuuliza umekatalia wapi, kimya. Kisha huongeza: "Na simu yangu inaingia sawasawa."

Juni moja alinipigia mwalimu mstaafu ambaye ni jirani yangu hapa Migosi, Kisumu. Ilikuwa saa mbili usiku. "Kijana wangu," akasema, "fundi wa mjini ameiangalia hii kompyuta akasema lazima aifute yote aweke Windows upya. Anataka elfu mbili. Na mimi picha za marehemu mama yao ziko humu."

"Mwalimu, usimpe mtu. Nakuja."

Kazi yenyewe ilichukua dakika moja, bila kufuta chochote. Nitaeleza kilichokuwa kimeharibika, lakini sianzi na hilo kwa makusudi. Ugonjwa wa kompyuta ya mwalimu huenda usiwe wa kompyuta yako. Njia ya kuutafuta ndiyo ile ile, nami natamani kila nyumba yenye kompyuta iijue, kwa sababu nimeona watu wengi mno wakilipia matengenezo ambayo hawakuyahitaji, na wengine wakipoteza picha na barua ambazo hazirudi tena.

Neno moja, vitu vinne

Sehemu kubwa ya mkanganyiko inatoka kwenye neno lenyewe. Tunasema "mtandao" kwa vitu vinne tofauti. Mtu akiwa kijijini Seme akainua simu juu akasema hapa hakuna mtandao, anazungumzia mawimbi ya kampuni ya simu. Mgeni akiingia sebuleni akaomba neno la siri la mtandao, anataka Wi-Fi. Mtoto akilalamika kwamba mtandao unazunguka tu, anamaanisha intaneti. Na karani akikwambia mtandao umelala, urudi kesho, huenda ni tovuti moja tu iliyozidiwa, huku nyingine zote zikifunguka. Ukimwambia fundi "mtandao hakuna", bado hujamwambia kitu. Atabahatisha, na gharama ya kubahatisha ni yako.

Basi tuvitenganishe. Intaneti ni muungano wa maelfu ya mitandao ya kompyuta duniani ambayo imekubaliana kupitishiana ujumbe. Haina mwenyewe mmoja. Wi-Fi ni mawimbi ya redio ya masafa mafupi kati ya kifaa chako na ruta, na safari yake huanzia na kuishia humo humo nyumbani. Ruta ni kile kisanduku chenye taa kinachopokea laini ya mtoa huduma na kuigawa kwa vifaa vyako. Laini hiyo yaweza kuwa faiba, yaani uzi wa kioo unaobeba mwanga. Yaweza kuwa kipokezi cha redio juu ya paa. Au kadi ya simu iliyochomekwa ndani ya ruta yenyewe.

Sasa mfikirie msafiri anayetoka Migosi kwenda ng'ambo. Boda humchukua langoni hadi steji. Kwenye steji anapanda basi, linapita Kericho, Nakuru na Nairobi hadi Mombasa, na bandarini anapanda meli. Wi-Fi ni ile boda. Ruta ni steji. Laini ya mtoa huduma ni basi. Meli ni nyaya za chini ya bahari zinazoingilia Mombasa: SEACOM na TEAMS zilifika mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010, na kabla ya hapo Kenya ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya intaneti na nje. Si kila ujumbe huenda mbali hivyo. Nakala za video zinazotazamwa sana huwekwa Nairobi, na watoa huduma wa Kenya hupitishiana ujumbe humu humu nchini kwenye kituo kinachoitwa KIXP, kwa hivyo safari nyingi hugeuzia Nairobi.

Msafiri asipofika Mombasa, hakuna anayekimbilia kumlaumu mwenye boda kabla ya kuuliza kama basi lilikuja. Kwa kompyuta ndivyo tunavyofanya kila siku. Na hapa ndipo panapozuka dhana potofu ninayoisikia zaidi ya zote: "Lakini Wi-Fi imejaa!" Vile vitao vya Wi-Fi kwenye kona ya skrini vinapima boda peke yake. Vinakwambia mawimbi kati yako na ruta yana nguvu. Havijui kama basi liko steji. Unaweza kukata faiba kwa kisu na vitao vikabaki vimejaa vile vile.

Simu inakuficha ukweli

Tukirudi kwa ile kauli ya "simu yangu inaingia": mara nyingi simu haiingii kwa Wi-Fi hata kidogo. Simu za siku hizi zimetengenezwa zisikukatishe tamaa. Zikigundua kwamba Wi-Fi haina intaneti, huhamia kwenye bando kimyakimya. Unaendelea kusoma ujumbe wako, bando linaisha, nawe unashikilia kwamba Wi-Fi ya nyumbani iko sawa na mbovu ni kompyuta. Kompyuta ya mezani haina kadi ya simu ya kukimbilia, kwa hivyo ndiyo pekee inayosema ukweli, na ndiyo inayopelekwa kwa fundi.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kugusa kitu kingine, shika simu. Zima data, acha Wi-Fi ikiwa imewashwa, kisha tafuta neno ambalo hujawahi kulitafuta. Usijaribu kwa WhatsApp wala ukurasa uliofungua asubuhi, kwa maana simu huhifadhi vya zamani na inaweza kukuonyesha hivyo hivyo ukadhani ni vipya. Neno geni haliwezi kutoka kwenye akiba.

Jaribio hilo la nusu dakika hugawa tatizo mara mbili. Simu ikishindwa nayo, kompyuta yako haina hatia. Kosa liko kwenye ruta, kwenye laini, au kwenye malipo. Simu ikifaulu, data ikiwa imezimwa kweli, basi njia ya nje ni nzima na kosa liko ndani ya kompyuta au kati yake na ruta. Ningeweza kuishia hapa na bado msomaji angeokoa pesa.

Ikiwa vyote vimeshindwa

Nenda kwenye ruta, usome taa. Kwenye ruta za faiba kuna taa moja iliyoandikwa LOS. Ikiwaka nyekundu, maana yake mwanga haufiki kwenye kisanduku, na hakuna unachoweza kubonyeza kwenye kompyuta kikaurudisha. Uzi umekatika mahali, au umetoka kwenye tundu lake, au umepindwa. Faiba ni kioo. Ikipindwa kupita kiasi, mwanga hutoroka kwenye kona hata kama uzi haujakatika. Nyumba moja kule Lanet, Nakuru, niliwakuta wamekaa siku nne bila intaneti, wamekwishabadilisha hadi neno la siri. Walikuwa wamesogeza kochi wakati wa kupiga deki, na mguu wake ukaukandamiza ule uzi mwembamba ukutani. Tulivuta kochi, taa ikawa kijani.

Taa zikiwa sawa zote na kurasa hazifunguki, angalia malipo. Laini ikisimamishwa kwa sababu mwezi umeisha, ruta hubaki imewaka kama kawaida na Wi-Fi hujaa kama kawaida. Kwa ruta inayotumia kadi ya simu, bando ndilo la kwanza kuulizwa.

Halafu kuna kuzima na kuwasha. Watu wengi huliona hili kama neno la kumfukuza mteja, na naelewa hasira yao, lakini lina sababu. Ruta ni kompyuta ndogo isiyo na skrini. Ina kumbukumbu yake, ina daftari la nani yuko wapi ndani ya nyumba, na inashikilia mazungumzo ya muda mrefu na mitambo ya mtoa huduma. Stima ikiyumba, au ikikaa wiki sita bila kupumzika, daftari hilo linaweza kuchanganyika na mazungumzo yale yakakatika bila yenyewe kujua. Kuizima ni kulifunga daftari lile na kuanza ukurasa mpya. Zima kwenye soketi, hesabu nusu dakika, washa, kisha ipe dakika tano nzima kabla ya kuihukumu. Wengi huizima tena baada ya dakika moja, kabla haijamaliza kuamka.

Tafadhali sana, usichanganye kuzima na kule kuchoma kijishimo kidogo cha nyuma kwa pini. Kile kijishimo hufuta kila kitu na kuirudisha ruta kama ilivyotoka kiwandani: jina la Wi-Fi linapotea, neno la siri linapotea, na kwa laini nyingi za faiba linapotea pia jina na neno la siri ambalo ruta hujitambulisha nalo kwa mtoa huduma. Ulikuwa na hitilafu ya dakika kumi. Sasa unangoja mtu wa kampuni aje kuipanga upya. Watoto wakubwa ndio hupenda kukichoma baada ya kuona video fulani. Waambieni mapema.

Na zipo siku ambazo kosa haliko nyumbani wala mtaani. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania, Uganda na kwingineko kwa siku kadhaa. Siku zile nilimzuia jirani asinunue ruta mpya. Dalili ya janga la namna hiyo ni kwamba hata aliye na kampuni tofauti na yako analia kilio kile kile. Kwa hivyo mpigie mtu wa mtaa mwingine, anayetumia kampuni nyingine. Naye akilalamika, weka maji ya chai.

Ikiwa simu inaingia kweli

Sasa tuko ndani ya kompyuta. Anza na yaliyo dhahiri kwa sababu ndiyo yanayosahaulika. Laptopu nyingi zina kitufe chenye alama ya ndege au antena kwenye safu ya juu, na mkono ukikigusa kwa bahati mbaya, Wi-Fi huzimika yote. Alama ya ndege ikionekana kwenye kona ya skrini, umekwishapata jibu.

Kompyuta za mezani ni hadithi nyingine. Nyingi tunazonunua ni zile zilizotumika kwenye ofisi za Uingereza, na ofisini zilikuwa zikitumia waya. Hazikuwahi kuwa na Wi-Fi. Hazijaharibika, hazina boda tu. Ama uvute waya kutoka kwenye ruta, ama ununue kile kidude kidogo cha Wi-Fi cha kuchomeka kwenye USB.

Kuna pia jambo linalowasumbua wenye laptopu za zamani: simu inaliona jina la Wi-Fi, laptopu hailioni kabisa. Ruta za sasa hurusha mawimbi ya aina mbili, ya 2.4 na ya 5, vipimo vya gigahazi. Ya 5 yana kasi zaidi lakini hushindwa haraka na kuta, ya 2.4 hupenya na kufika mbali. Laptopu nyingi za zamani zinajua ya 2.4 peke yake. Ruta ikiwa imepangwa kurusha 5 tu, laptopu hiyo haina namna ya kuliona jina hilo hata ukiiweka juu ya ruta. Mpangilio ubadilishwe kwenye ruta, kompyuta iachwe.

Kabla hujaenda mbali zaidi, iwashe kompyuta upya, na uchague Restart, siyo Shut down. Wengi hudhani ni kitu kimoja. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kompyuta nyingi zikizimwa kwa Shut down huhifadhi sehemu ya hali yake ili ziamke haraka kesho, na hitilafu ikiwa imo kwenye sehemu hiyo, inaamka nayo. Restart ndiyo huanza upya kweli.

Imeshindikana bado? Hapa inabidi nieleze anwani. Kila kifaa kinapojiunga na ruta hupewa namba. Fikiria gesti: unafika mapokezi, unapewa ufunguo wa chumba namba fulani, ukiondoka ufunguo unapewa mwingine. Ruta ndiyo mapokezi. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bonyeza Enter, na kwenye kidirisha cheusi andika ipconfig. Usiogope maandishi mengi. Tafuta mstari wa IPv4. Ukiona namba inayoanza na 192.168 au 10, umepewa chumba. Ukiona inayoanza na 169.254, kompyuta ilifika mapokezi, ikabisha, hakuna aliyejibu, ikajiandikia namba yake yenyewe. Namba hiyo haifungui mlango wowote. Ifanye kompyuta iisahau ile Wi-Fi kwa kuchagua Forget, kisha uiunganishe upya kwa neno la siri. Kama ni waya, jaribu tundu jingine kwenye ruta au waya mwingine. Kile kiulimi cha plastiki cha kichwa cha waya kikivunjika, waya hulegea bila kuonekana.

Ukiwa na chumba na bado hutoki nje, andika ping 8.8.8.8 kwenye kidirisha kile kile. Hiyo ni anwani ya huduma ya Google ambayo hujibu ukiipigia hodi. Mistari ikianza na "Reply from 8.8.8.8", kompyuta yako imefika kwenye intaneti. Wakati huo huo kurasa zinaweza kukataa kufunguka, na hapo watu huchanganyikiwa kabisa: imefika, lakini haifungui?

Jibu ni majina. Kompyuta zinatafutana kwa namba, sisi tunakumbuka majina. Katikati kuna huduma inayoitwa DNS, iliyobuniwa mwaka 1983 na Paul Mockapetris, ambayo kazi yake ni kupokea jina na kurudisha namba. Ni kama kuwa na simu yenye salio na mawimbi lakini umepoteza orodha ya majina: unaweza kumpigia yeyote, ila hujui namba yake. Kwa kawaida orodha hii huitoa mtoa huduma wako, na ikilala kwake, intaneti yote huonekana imekufa. Unaweza kuielekeza kompyuta itumie orodha nyingine kwa kuandika 8.8.8.8 au 1.1.1.1 kwenye mipangilio ya DNS. Hii ya pili ni ya Cloudflare, iliyozinduliwa Aprili 2018. Zote mbili ni za bure. Haziongezi kasi ya laini uliyolipia, ingawa wapo wanaouza ushauri huo kwa jina hilo.

Nitaje pia zile programu za "intaneti ya bure" na VPN zisizolipiwa ambazo vijana huziweka. Kinachofanywa na nyingi ni kuipitisha safari yako yote kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua. Programu ikifutwa, au mlango wa huyo mtu ukifungwa, kompyuta inaweza kuendelea kuupigia hodi mlango huo. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao, sehemu ya Proxy, mlango huo unapoandikwa, uzime usichokiweka mwenyewe. Katika nyumba zenye wanafunzi wa chuo, mimi huangalia hapa mapema sana.

Virusi, majirani na kufuta Windows

Watu husema ni virusi. Inawezekana, hasa kwa hiyo njia ya Proxy, lakini kwa nyumba nilizoingia ni nadra sana kuwa ndiyo sababu ya kwanza. Wengine husema majirani wanaiba Wi-Fi. Jirani akiingia kwenye Wi-Fi yako, intaneti itakuwa nzito kwenu nyote. Haitazimika kwako peke yako huku simu yako ikienda vizuri. Badilisha neno la siri kwa sababu ya usalama, lakini usitegemee kwamba ndilo litakalokuponya.

Kinachoniumiza ni hili la kufuta Windows. Ni kama kubomoa nyumba kwa sababu kitasa kimekwama. Na mara nyingi huzaa tatizo jipya: Windows mpya huenda isiwe na draiva ya Wi-Fi, yaani programu ndogo inayoifundisha kompyuta kuitumia antena yake. Mtu analipa, anarudi nyumbani, na sasa hata alama ya Wi-Fi haipo. Fundi anamwambia kadi imeungua, anunue nyingine. Kabla hujanunua, chomeka simu kwenye kompyuta kwa waya wa USB na uwashe kugawa intaneti kwa USB kwenye mipangilio ya hotispoti. Kwa simu nyingi za Android kompyuta itapata intaneti kupitia waya huo bila Wi-Fi yoyote, nayo itaweza kupakua draiva iliyokosekana. Njia hiyo hiyo ni jaribio zuri wakati wowote: kompyuta ikiingia kwa USB na isiingie kwa Wi-Fi, tatizo umelifungia kwenye chumba kimoja kidogo.

Radi, na kompyuta ya mwalimu

Sisi wa huku magharibi mwa Kenya tuna jambo ambalo maelekezo ya kigeni hayalitilii maanani. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye ngurumo na radi nyingi zaidi. Kisumu, Kakamega na Kisii mvua ya jioni huja na radi kama jambo la kawaida. Kioo cha faiba hakipitishi umeme, na kwa sababu hiyo watu hudhani ruta ya faiba iko salama. Lakini ruta ina waya wa stima, na kutoka kwake hadi kwenye kompyuta ya mezani mara nyingi kuna waya wa shaba. Radi ikipiga jirani, msukumo wa umeme hupitia humo. Unakuta ruta inawaka, Wi-Fi inafanya kazi, ila tundu moja la waya limekufa, au tundu la nyuma ya kompyuta. Mawingu yakitanda, chomoa vyote viwili, stima na waya wa mtandao. Kuzima kwa kitufe pekee hakutoshi.

Mwalimu wangu alikuwa mtu wa kufuata jambo hili kwa uaminifu. Kila usiku alichomoa kompyuta yake ukutani. Nilipokaa mbele yake usiku ule nilikuta Wi-Fi imeunganishwa, anwani ipo, ping inajibu. Lakini kila tovuti aliyoifungua ilimtolea onyo la usalama na kukataa. Nikatazama kona ya chini ya skrini. Tarehe ilisema Januari 2015.

Tovuti yoyote yenye alama ya kufuli hujitambulisha kwa cheti. Cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, kama leseni ya dereva. Kompyuta hukisoma cheti hicho na kukilinganisha na saa yake yenyewe. Kama inaamini tuko 2015, basi kila cheti kinachoonyeshwa kinasema kitaanza kutumika miaka mingi ijayo, na afisa mwaminifu hawezi kukikubali. Kompyuta ilikuwa ikimlinda kwa nia njema kabisa, ikitumia kalenda mbovu. Simu yake haikuwa na shida hiyo, kwa sababu simu hupewa saa na mtandao wa simu.

Kalenda ilikuwa mbovu kwa sababu ya betri. Ndani ya kompyuta ya mezani kuna betri bapa kama sarafu, aghalabu aina ya CR2032, ambayo huifanya saa iendelee kutembea hata stima ikichomolewa. Hudumu miaka kadhaa. Ikifa, na kompyuta ikiachwa ukutani, huwezi kujua, maana saa inakula stima. Mwalimu alikuwa akichomoa kila usiku kwa ajili ya radi, kwa hivyo kila asubuhi kompyuta iliamka bila kujua ni mwaka gani. Windows hujaribu kujirekebishia saa kupitia intaneti, lakini tofauti ikiwa ya miaka inaweza kukataa kuiamini.

Nilirekebisha tarehe kwa mkono. Kurasa zikafunguka. Ilipofika saa tatu ripoti yake ya kodi ilikuwa imekwenda, na folda ya picha za mke wake ilikuwa pale pale ilipokuwa. Tulizitazama chache kabla sijaaga.

"Sasa hii betri inapatikana wapi?" akaniuliza mlangoni.

"Hata kwa fundi wa saa, Mwalimu. Mwonyeshe namba tu."

Kesho yake alirudi kutoka mjini na betri mbili, ya kuweka na ya akiba, akaniita nimshikie tochi wakati akifungua kompyuta mwenyewe.